Kutoka kijiti hadi mswaki wa dukani: historia ya kinywa chetu hapa Kambove

Leo tunazungumza jambo ambalo kila mtu analo, lakini wachache hulitaja mpaka siku linapouma: meno na fizi.

Kwa kawaida habari za meno huletwa kama mashauri tu. Piga mswaki asubuhi, piga mswaki usiku, punguza sukari. Mashauri hayo ni ya kweli, na tutayafikia. Lakini mtu akiambiwa afanye kitu kila siku bila kuelezwa kimetoka wapi, hukifanya juma moja kisha akakiacha. Ndiyo maana tumeona vema kupita njia ya historia. Meno ya watu wa upande wetu yana habari ya shaba ndani yake, ya reli, ya posho, ya kampuni iliyoanguka, na ya watu kukimbia usiku na watoto mgongoni.

Jino lililooza kabla ya sukari

Wazee wengi husema kwamba zamani watu hawakuugua meno, ugonjwa huu umeletwa na bombo na sukre za duka. Kuna ukweli mkubwa ndani ya neno hilo, lakini si ukweli wote. Ushahidi uko karibu nasi, upande wa pili wa mpaka wa Kasumbalesa, nchini Zambia.

Tarehe 17 Juni 1921, katika mgodi wa Broken Hill, mji ambao leo unaitwa Kabwe, wachimbaji walikuta fuvu la kichwa cha mtu wa kale sana. Jina lililoandikwa vitabuni ni la Tom Zwiglaar, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi pale. Fuvu lilipelekwa London na liko huko hadi leo, ingawa Zambia imelidai kwa miaka mingi. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba umri wake ni karibu miaka 299,000.

Walipolichunguza, walishangaa kuona kinywa chake. Meno 10 ya taya la juu yalikuwa yameoza, na kwenye mfupa wa taya kulikuwa na alama za majipu ya usaha. Mtu yule hakuwahi kuona sukari ya duka. Hakujua biskuti wala chai. Hata hivyo alilala usiku akishika shavu, kama yeyote kati yetu. Ni mmoja wa mifano ya zamani kabisa ya kuoza meno inayojulikana duniani.

Tunajifunza nini kwake? Kwamba kuoza meno hakukuletwa na Mzungu, wala na jirani mwenye kijicho, wala si mdudu anayeingia jinoni kama wengi wanavyosema. Ndani ya kila kinywa kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinakula mabaki ya chakula, hasa sukari na unga, kisha vinatoa asidi. Asidi hiyo inakula ngozi ngumu ya jino kidogo kidogo, mpaka tobo linafunguka. Mate yetu yanapigana nayo: ndani ya nusu saa hadi saa moja baada ya kula, mate huwa yameisafisha asidi na kuanza kulitengeneza jino upya. Ukimpa jino nafasi ya kupumzika, linajitetea. Ukimeza kitu kitamu kila baada ya dakika chache, halipati nafasi hiyo.

Kijiti, chumvi na jina la mswaki

Watu wa hapa walisafisha meno kabla ya duka la kwanza kufunguliwa. Walitafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa laini kama brashi, wakasugua jino moja moja. Wengine walitumia makala yaliyosagwa, wengine majivu, wengine chumvi. Chumvi haikuwa mbali: katika bonde la Lufira kulikuwa na machimbo ya chumvi ya Mwashya, ambayo yalijulikana na kufanyiwa biashara kabla ya ukoloni, sawa na misalaba ya shaba.

Neno lenyewe mswaki lina safari ndefu. Limetoka katika Kiarabu, likapita pwani, ambako mswaki ulikuwa kijiti kilichokatwa kwenye mti wa mswaki, mti wa nchi kavu unaoota Kenya, Tanzania na hata Uarabuni. Pwani ya Zanzibar na Mombasa, kupiga mswaki kulikuwa sehemu ya usafi kabla ya sala. Baadaye brashi ya kiwandani ilipofika, watu hawakutafuta jina jipya. Waliita kitu kipya kwa jina la kile cha zamani. Kiswahili chenyewe kilifika upande wetu kwa njia hiyohiyo, pamoja na misafara ya biashara iliyokwenda Bunkeya, makao ya mfalme Msiri aliyetoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 na kuuawa tarehe 20 Desemba 1891. Kisha reli na kambi za shaba zikakieneza zaidi.

Je, kijiti kinafaa? Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikubali matumizi yake tangu miaka ya 1980 kwa watu ambao ni desturi yao. Kikitumiwa vizuri, kijiti kinaondoa uchafu ulioganda kwenye jino. Kwa hiyo mzee anayetafuna kijiti mbele ya nyumba asichekwe. Anafanya kazi ya kweli. Makala na mchanga ni jambo lingine. Vinang'arisha, lakini vinasugua kwa ukali na kuila ngozi ya jino, na ngozi hiyo ikiisha hairudi tena.

Meno kama kitambulisho

Kuna jambo lingine la kukumbuka. Kwa mababu wengi wa Afrika ya kati, jino lilionyesha mtu ametoka wapi. Kuna waliochonga meno ya mbele yakawa na ncha, kuna walioyang'oa. Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, aliandika juu ya Watoka wa nchi ambayo leo ni Zambia, ambao vijana wao waling'olewa meno ya mbele ya juu walipofikia utu uzima, na asiyeng'olewa alionekana mbaya wa sura.

Desturi hiyo ilimfanya Mkongomani mmoja kujulikana dunia nzima kwa namna ya kuhuzunisha. Ota Benga, kijana wa mbilikimo kutoka Kongo, alipelekwa Marekani mwaka 1904 kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Saint Louis. Watu walilipa pesa ili afungue kinywa waone meno yake yaliyochongwa. Mwaka 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, mpaka wachungaji weusi wa mji ule walipopinga kwa nguvu. Baadaye alipelekwa Lynchburg, Virginia, na huko meno yake yakafunikwa ili afanane na watu wengine. Hakupata njia ya kurudi kwao. Alijiua tarehe 20 Machi 1916.

Siku hizi tarehe 20 Machi ndiyo Siku ya Afya ya Kinywa Duniani. Tarehe hizo zimekutana tu, hakuna aliyezipanga. Lakini sisi Wakongomani tunaweza kuishika siku hiyo kwa sababu mbili. Kinywa cha mtu ni sehemu ya heshima yake.

Reli na posho

Sasa tuje Kambove. Shaba ya hapa ilichimbwa na wenyeji muda mrefu kabla ya kampuni. Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipita katika machimbo ya Katanga. Mwaka 1899 George Grey aliongoza msafara uliotumwa na kampuni ya Robert Williams na kuyaona machimbo ya wenyeji hapa Kambove. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli kutoka kusini ilifika Broken Hill mwaka huohuo wa 1906, ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika Kambove.

Reli ile haikubeba shaba tu. Ilileta watu na ilileta unga. Wafanyakazi walikuwa wengi, mashamba ya jirani hayakutosha, na kwa miaka mingi mahindi yalinunuliwa Rhodesia na kuletwa kwa gari moshi. Mfanyakazi alipimiwa posho yake: unga, maharagwe, chumvi, nyama au samaki kidogo. Mtu aliyekuwa amezoea kijijini kula bukari na mboga za majani, matunda ya porini kama masuku, na samaki wa Lufira, alijikuta anakula unga uleule juma baada ya juma.

Ubaya wa chakula cha aina hiyo ulionekana wazi kwa majirani wetu. Katika migodi ya Rhodesia Kusini, mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyakazi wengi waliugua kiseyeye. Ni ugonjwa wa kukosa vitamini C. Fizi zinavimba, zinatoa damu, meno yanalegea na kudondoka, na mtu anaweza kufa. Dawa yake ilikuwa imejulikana zamani: mwaka 1747 daktari James Lind alionyesha kwamba mabaharia waliopewa machungwa na ndimu walipona. Lakini ndimu ni ghali kuliko unga kwa mwenye kuhesabu gharama.

Mambo yalibadilika polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière iliona ni hasara kuleta watu wapya kila wakati na kuwapoteza. Ikaanza kuwaweka wafanyakazi kwa muda mrefu, ikawaruhusu kuleta wake zao, ikajenga nyumba, hospitali, maternite na shule. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyesimamia sana siasa hiyo. Mtoto alipimwa uzito, mama alifundishwa usafi, posho ikaongezwa. Ilikuwa hesabu ya kampuni, lakini watoto wengi waliishi kwa sababu yake. Kizazi kile kilijifunza pia kwamba mambo ya afya ni kazi ya kampuni. Somo hilo la pili lilitugharimu baadaye.

Kisiwa kilichopata duka

Pamoja na mshahara, kulikuja mkate mweupe, chai ya sukari, maziwa ya kopo na bombo za watoto. Kongo yenyewe ilianza kutengeneza sukari: kiwanda cha Kwilu-Ngongo, upande wa Bas-Congo, kilianzishwa mwaka 1925. Leo sukari nyingi tunayonunua hapa inavuka Kasumbalesa.

Ili tuelewe sukari inafanya nini, tuangalie kisiwa kimoja cha mbali sana, Tristan da Cunha, katikati ya bahari ya Atlantiki. Miaka ya 1930 waganga waliofika pale walistaajabu, kwa sababu wakaaji wake walikuwa na meno mazuri kuliko watu wengi wa Ulaya. Hawakuwa na miswaki mingi. Walikula viazi na samaki, na meli zilizowaletea sukari zilifika mara chache mno. Miaka ya 1940 kiwanda cha samaki kikajengwa, watu wakapata mshahara, na duka likafunguliwa. Mnamo Oktoba 1961 volkano ikalipuka. Wakaaji wote wakahamishwa hadi Uingereza, na wengi wakarudi mwaka 1963. Waganga wakaendelea kuhesabu meno yao, na hesabu ilizidi kuwa mbaya. Watu ni walewale na damu ileile. Duka ndilo lililobadilika.

Jamaa za Goma zinazojua maana ya kukimbia Nyiragongo zitaielewa habari hiyo haraka. Na sisi wa kambi za shaba tunaielewa pia. Duka si adui. Lakini mtu akipata kitu kitamu kwa urahisi kila saa, inabidi apate na tabia ya kukilinda kinywa chake, na tabia hiyo haiuzwi pale dukani pamoja na biskuti.

Kampuni ilipoanguka

Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Kwa miaka mingi hospitali na shule za kampuni ziliendelea kusaidia. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ukaporomoka, na uzalishaji wa shaba ukaanguka vibaya miaka iliyofuata. Mishahara ikachelewa miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, wakapewa pesa mara moja na ndipo ukawa mwisho.

Kwa jamaa moja, maana yake ilikuwa nini? Kadi ya hospitali haikufanya kazi tena. Jino lililokuwa linazibwa bure sasa lililipiwa, na pesa ilipokosekana, mtu alingoja. Jino haliwezi kungojewa. Tobo dogo lililoweza kuzibwa kwa dakika chache likawa jipu, na jipu likaishia kwenye koleo. Watu wengi wa umri wa miaka 50 hapa kwetu wana mapengo yanayosimulia miaka ile.

Siasa nayo ilikuwa imeshawatawanya watu. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya jamaa zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, na nyingi zililala kituo cha reli zikingoja treni. Mwaka 2004, baada ya mgodi kuporomoka Shinkolobwe, kijiji cha wachimbaji wa mkono kilibomolewa na watu wakaondolewa. Vita vya upande wa Mitwaba, Pweto na Manono vilileta wengine. Kila mara watu walikimbia na sufuria, blanketi na watoto. Sijui nani anakumbuka mswaki wakati risasi zinalia.

Ugonjwa unaokula uso wa mtoto

Hapa tunawaomba wazazi na walezi mtulie mtusikilize, hasa ninyi mnaoishi katika nyumba za kupokelewa au chini ya shiti.

Kuna ugonjwa unaoitwa noma. Jina limetoka katika Kigiriki, na lina maana ya kula, kama mnyama anavyokula majani. Unapata hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 ambao wana utapiamlo, na mara nyingi wametoka kuugua surua au malaria kali. Unaanza kama fizi inayotoa damu na harufu mbaya. Baada ya siku chache shavu linavimba, kisha doa jeusi linatokea, na nyama ya uso inaoza. Usipotibiwa, unaua hadi watoto 9 kati ya 10, na anayepona bila matibabu ya mapema hubaki na uso ulioharibika, akishindwa kula na kusema vizuri.

Historia yake inatufundisha jambo moja kubwa. Zamani noma ilikuwepo Ulaya, Ubelgiji na Ufaransa, katika nyumba za maskini. Chakula kilipokuwa bora na usafi ukaongezeka, ikatoweka. Kisha miaka ya 1940 ikarudi palepale Ulaya: ilionekana katika kambi za Wanazi, Auschwitz na Bergen-Belsen, ambako watu walifungwa na kufa njaa. Hapakuwa na laana iliyorudi. Njaa na uchafu ndivyo vilivyorudi. Tarehe 15 Desemba 2023, OMS iliiweka noma katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, ili serikali na wafadhili waanze kuiangalia.

Katanga inaijua surua vizuri. Mwaka 2015 ilipiga sana upande wa Malemba-Nkulu, na janga lililoanza mwaka 2018 liliua watu zaidi ya 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto. Mtoto aliyetoka kwenye surua akiwa amekonda, ndiye wa kuangaliwa kinywa kila siku. Mfungulie midomo, tazama fizi kwenye mwanga. Ukiona zinatoa damu, zina vidonda, au kinywa kinanuka kuliko kawaida, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Ikiwahiwa mwanzoni, inapona kwa dawa za antibiotiki ambazo vituo vingi vinazo, pamoja na kusafisha kinywa na kumpa mtoto chakula chenye nguvu: maharagwe, karanga, mayai, samaki wadogo. Noma haiambukizi. Mtoto mwenye noma asifichwe ndani ya nyumba, wala mama yake asishutumiwe uchawi.

Tuongeze onyo lingine. Tanzania wanasema meno ya nailoni, Uganda wanasema ebinyo. Ni imani kwamba mtoto mchanga anayehara na kuwa na homa ana meno mabaya ndani ya fizi, kisha mtu anayatoboa au kuyang'oa kwa chuma. Kinachotolewa ni jino changa la kweli. Mtoto anapoteza damu, anaweza kupata pepopunda, na kuhara kwake kunaendelea. Dawa ya kuhara ni maji yenye chumvi na sukari ya ORS na kituo cha afya.

Tiba isiyohitaji umeme

Habari njema moja ilitoka kwa majirani zetu wa Kiswahili. Katikati ya miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikuwa na shida tunayoijua: mashine ya meno inahitaji umeme na maji ya bomba, na vijijini hakuna. Wakajaribu kusafisha tobo kwa vyuma vya mkono tu, kisha kulijaza kwa saruji maalumu ya meno inayoshika kwenye jino. Ilifanya kazi. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka ule ilihusu afya ya kinywa, OMS iliitangaza njia hiyo kwa dunia nzima. Mwaka 2021 saruji ya meno inayotoa floraidi, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, ziliingizwa katika orodha ya dawa za lazima za OMS.

Tusikie neno hilo vizuri: dawa ya meno imewekwa kwenye orodha moja na dawa za malaria. Basi tuna haki ya kuuliza. Katika magunia ya msaada yanayogawiwa jamaa zilizohama, kuna sabuni, ndoo na chandarua. Kwa nini miswaki na tubu ya dawa ya meno visiwemo? Na wauguzi wa vituo vyetu, kwa nini wasifundishwe kuziba jino kwa vyuma vya mkono, kwa kuwa umeme wa hapa tunaujua? Haya si maombi ya anasa. OMS inahesabu kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa wa kinywa, na Afrika ni karibu watu 44 katika kila 100.

Yaliyo mikononi mwetu

Tukingoja majibu, kuna mambo ambayo hayahitaji kampuni wala barua ya kiongozi.

Safisha meno mara mbili kwa siku, na mara ya usiku kabla ya kulala ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu usiku mate hupungua. Chukua dakika mbili. Pitisha mswaki nje, ndani na juu ya kutafunia, na uguse fizi polepole. Fizi ikitoa damu kidogo usiache, maana mara nyingi inatoa damu kwa sababu haikusafishwa. Damu ikiendelea baada ya juma moja au mawili, mwone muganga.

Tafuta dawa ya meno yenye floraidi. Kwenye tubu nyingi za hapa imeandikwa fluor. Mtoto wa chini ya miaka 3 awekewe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya mahindi, naye mzazi amsaidie mkono. Ukimaliza, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Pale ambapo maji yanachotwa mbali, hiyo ni faida mbili.

Kila mtu awe na mswaki wake. Watoto watano wasitumie mmoja. Pesa ikiwa haipo, kijiti kibichi cha mti usio na sumu, kilichotafunwa ncha, ni bora kuliko kukaa hivihivi. Kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo kunasaidia fizi yenye kidonda, ingawa hakuzibi tobo.

Vitamu vile pamoja na chakula, kisha kinywa kipumzike. Mtoto anayenyonya sukre moja kidogo kidogo tangu asubuhi hadi saa sita anaumia kuliko anayeinywa mara moja mezani. Usimlaze mtoto na biberon ya chai ya sukari. Lengalenga, mapera, maembe na machungwa, tulivyo navyo katika majira yake, vinalinda fizi dhidi ya kile kiseyeye cha wachimbaji wa zamani.

Usiweke aspirini, petroli wala asidi ya batri kwenye jino linalouma. Vinaunguza nyama na jino linabaki bovu. Uso ukivimba pamoja na homa, au ukishindwa kufungua kinywa au kumeza, usingoje kesho. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba pumzi.

Yule mtu wa Kabwe hakuwa na mtu wa kumwambia haya. Wachimbaji wa posho hawakuulizwa wanataka kula nini. Wafanyakazi wa kampuni walikuwa na waganga, kisha siku moja hawakuwa nao. Sisi tunajua chanzo cha ugonjwa na tunajua kinga yake, na kinga yenyewe ni ndogo kiasi cha kuingia mfukoni mtu anapolazimika kukimbia. Mama au baba anayewasimamisha watoto mlangoni kila usiku, kila mmoja na mswaki au kijiti chake, anawapa kitu ambacho hakitafungwa pamoja na mgodi wala kubaki nyuma kijijini.

Mwambie na jirani yako, hasa yule aliyefika juzi.